Muhtasari Wenye Sahihi Tisa

Jumapili, 9 Machi 2025

Saa moja asubuhi. Nyumba kimya. Stamili hayupo, Rozi hayupo. Chai sijanywa – sijui kiberiti kinakaa wapi katika jiko langu mwenyewe!

Niandike jambo lilivyokuwa, maana mimi ni mtu wa kumbukumbu. Jana ilikuwa Siku ya Wanawake. Mke wangu Stamili kaenda uwanjani na kikundi chake, wote kitenge kimoja. Aliniambia atarudi saa kumi. Karudi saa moja kasoro, anacheka mlangoni na jirani yetu Tulinagwe. Nikamuuliza kwa upole. Akajibu. Nikamuuliza tena. Akajibu tena! Basi pakatokea kutoelewana kidogo. Uani kuna utelezi kipindi hiki cha mvua. Akaumia kidogo kwenye paji la uso.

Kalala kwa Tulinagwe na mtoto wetu Rozi. Vizuri. Apoe.

Leo nina kazi kanisani. Mwenyekiti wa Kamati ya Ndoa, yaani mimi, ndiye anayetoa neno kwa wachumba kabla ya ibada ya pili. Mada: Upole Ndani ya Nyumba. Kurasa sita. Shati nimelipiga pasi mwenyewe. Kola imeungua.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala mahabusu. Mimi! Boazi Anyosisye, ajenti wa forodha, miaka kumi na minne mpakani Tunduma bila karatasi yangu hata moja kurudishwa.

Walikuja kanisani Jumapili. Askari wawili, mwanamume na mwanamke. Kwa heshima walisubiri mlangoni nimalize ukurasa wa nne. Kisha yule wa kike akasema wachumba wamesikia ya kutosha.

Anaitwa Afande Restuta, wa dawati la jinsia na watoto. Kumbe na yeye Jumamosi alikuwa uwanjani – kitenge kilekile kimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake! Nikajua hapa haki hamna. Nikamweleza kwamba vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Akaniuliza, sasa mbona hapa kimepasuka kimoja tu.

Stamili hakwenda kulala kwa Tulinagwe moja kwa moja. Alipitia kituoni usiku uleule, akapewa fomu ya PF3, akaenda nayo hospitali, daktari akaijaza. Nyuzi saba pajini. Mkono wa kushoto umevimba, haujavunjika. Niliiona mezani kwa Afande. Niseme ukweli: imejazwa vizuri mno. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi, tarehe ipo, muhuri umekaa sawa. Nilitamani vijana wangu wa ofisini waione.

Wakanivua mkanda, viatu, saa, simu. Vikaandikwa kwenye daftari. Kwenye saa waliandika “saa moja nyeusi”. Nikawaomba waongeze aina na namba. Askari akanitazama sana.

Jumatatu nikaandika maelezo. Afande akanionya kwanza: silazimiki kusema lolote, na nitakalosema laweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi napenda vitu viandikwe. Nikatoa kurasa tatu. Kwamba aliteleza. Nikasaini kila ukurasa, ingawa yeye aliomba wa mwisho tu.

Jioni dhamana. Wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Mmoja ni Hezron, katibu wa kanisa letu, mtu mwema, ana mwandiko kama wa mashine. Masharti: nisikanyage nyumbani, nisimsogelee shahidi wala kumpigia simu. Nikauliza shahidi ni nani. Stamili! Miaka kumi na moja ya ndoa, leo nimeambiwa jina lake jipya na mtu aliyevaa kofia.

Nalala ofisini, kwenye kochi la wateja.

Alhamisi, 13 Machi

Mahakamani. Karani akasoma: Jamhuri dhidi ya Boazi Anyosisye. Nikageuka kuangalia Jamhuri imekaa benchi gani.

Shambulio la kudhuru mwili. Kifungo hadi miaka mitano. Miaka mitano! Kuna watu wanapitisha madawa hapa mpakani na wanakunywa soda jioni.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akaniuliza ni kweli au si kweli. Nikaanza kueleza habari ya utelezi. Akasema hajauliza hali ya hewa. Ni kweli au si kweli. Nikasema si kweli, mheshimiwa. Likaandikwa: mshtakiwa amekana shtaka. Dhamana tena, fomu tena. Kesi itatajwa tarehe 26.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefua soksi. Dereva mmoja wa Zambia kanikuta bombani saa kumi na mbili asubuhi. “Mwashibukeni, bashi Rozi!” Ni habari za asubuhi kwa Kibemba; wenyewe huniita hivyo, baba Rozi. Akauliza nyumbani hawajambo, mbona naogea ofisini. Nikamwambia nyumba inakarabatiwa. Akasema kweli kipindi cha mvua mapaa husumbua. Nikasema sana.

Jumatano, 26 Machi

Kesi imetajwa. Dakika nne! Nilivaa suti.

Nikamfuata mwendesha mashtaka koridoni – kijana mwembamba, anabeba mafaili kifuani kama mama anayenyonyesha. Nikamweleza kistaarabu kwamba mwenye kesi ni mke wangu, familia tutakaa, ataifuta. Akasema mke wako hana kesi ya kufuta. Yeye ni shahidi. Kesi ni ya Jamhuri. Akiitwa kwa hati ya wito atakuja, na kwa kosa la namna hii hata mke anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi. Akaongeza: na usimsogelee, dhamana yako itafutwa.

Yaani mke nimemtolea mahari mimi, ng'ombe kumi na wawili hadi kwao Kamsamba kwenye joto lile, halafu mwenye maumivu yake ni Jamhuri!

Jioni nikampigia Andongwisye. Tulisoma wote, sasa ni wakili Vwawa. Nilitaka ushauri tu, si kumkodi. Akasema mambo matatu. Kaa kimya. Usiandike kitu. Usisaini kitu. Nikamshukuru. Kumwambia ajenti wa forodha asisaini kitu ni kumwambia kuku asidonoe.

Nitajitetea mwenyewe. Kesi ni nyaraka. Mwenye nyaraka safi hashindwi.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani wamenipumzisha uenyekiti. “Kwa muda.” Wamesema ni kwa faida ya wachumba. Hakuna aliyenisalimia zaidi ya mkono mmoja – nyie mnajua kuna salamu za mkono mmoja na za miwili. Nyie nani? Naandika kama nina wasomaji. Upweke huu!

Muhuri wa Kamati hawajauomba. Upo kwenye mkoba wangu. Sijawakumbusha.

Nimepata njia. Baba mdogo Osea amepiga simu kutoka Mbozi. Anasema jambo hili lilianza vibaya kwa kuanzia serikalini. Liletwe kwao, wazee wakae, lipone. Yeye mwenyewe atamwita Ngusa, shemeji yangu, aje na dada yake kwa hiari yao. Mimi simsogelei mtu. Wazee ndio watakaomsogeza.

Nikamwambia sawa, ila kiandikwe! Kikao bila muhtasari ni porojo. Tutapeleka muhtasari mahakamani, wauone, wafunge faili. Baba mdogo akasema mambo ya karatasi yeye hayajui, mimi ndiye msomi wa ukoo.

Jumamosi, 5 Aprili

Usiku. Nimetoka Mbozi. Mwili umechoka lakini roho imetulia kidogo. Niandike yote.

Tulikaa sebuleni kwa baba mdogo Osea, mvua inanyesha kwenye kahawa nje. Wazee watano wa ukoo, Hezron na daftari lake, mimi, Stamili, na Ngusa kaka yake. Jumla tisa. Ngusa kavaa makoti mawili, analalamika Mbozi ni friji. Stamili alikaa karibu na mlango. Kitambaa kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi. Aliwasalimia wazee wote kwa kupiga goti. Mimi alinisalimia kwa kichwa.

Kwetu mkosaji hasamehewi kosa ambalo hajalitaja. Pole ya jumla haipokelewi. Anasimama, anataja alichofanya, kwa kitu gani, mahali gani, halafu ndipo wazee wanatamka faini, na faini ikishatamkwa jambo halirudiwi tena na mtu yeyote. Hii ni mila nzuri. Nimeisimulia kwa wachumba mara nyingi. Sikuwahi kuwa upande ule wa kusimama.

Nikasimama. Nikasema nilimkosea mke wangu.

Baba mdogo: “Kumkosea ni nini, mwanangu? Hata kusahau kununua chumvi ni kumkosea.”

Nikasema tulipishana, mikono ikagusana.

Ngusa akacheka bila kufungua mdomo. “Shemeji, kwetu ng'ombe akirudi na jeraha hatusemi amejeruhika. Tunauliza nani alikuwa naye.”

Jasho! Kwenye baridi ile! Nikasema nilimsukuma. Wazee wakasubiri. Ni wazee wa subira, wamepalilia kahawa miaka hamsini. Baba mdogo akauliza kusukuma kulishonwa nyuzi saba? Kuku alipita, akatazama, akatoka.

Ndipo nikasema. Kwamba nilimpiga na tochi. Ile ya chuma, ya betri nne. Kichwani, mara mbili. Kwamba hakuteleza.

Hezron: “Polepole, mzee. Kichwani nimeshaandika. Upande upi?”

Nikasema kulia. Akaandika kulia.

Baba mdogo akamgeukia Stamili. Mama Rozi, umesikia? Stamili akasema, nimesikia. Kisha akasema neno moja tu lingine: “Iandikwe.” Nikafurahi! Baada ya miaka kumi na moja mke wangu ameanza kuona umuhimu wa kumbukumbu.

Faini: ng'ombe jike mmoja kwa wakwe, na blanketi kwa mama mkwe. Kamsamba kwa joto lile hawawezi kujifunika blanketi, watapikika, lakini mila ni mila. Wakauliza kuhusu kurudi nyumbani. Stamili akasema maneno ameyapokea. Kurudi atasema baadaye. Akaomba nakala.

Hezron akaandika safi, nakala tatu. Kufungua kikao. Kutaja kosa. Faini. Mengineyo – hapo mzee mmoja alilalamika chai haikuwa na maziwa, na Hezron akaliandika. Kufunga kwa sala. Sahihi tisa. Nikatoa muhuri wa Kamati ya Ndoa kwenye mkoba, nikagonga kila ukurasa mwenyewe. Umekaa sawa kabisa, haujapinda hata kidogo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemaliza kesi! Au karibu.

Nimempelekea mwendesha mashtaka muhtasari kwa mkono wangu, kwenye bahasha ya kaki. Akausoma. Akarudi mwanzo akausoma tena. Akaniuliza hii sahihi ni yako? Nikamwambia ndiyo, kila ukurasa. Akauliza kuna mtu alikutishia? Nikamwambia bwana, wazee wale wana miaka sabini na kitu, wakunje ngumi na nini?

Akauliza swali la kitoto. Mmepatanishwa kwa kosa gani? Maana mahakamani nimesema si kweli. Nikamwelewesha kwamba yale ni ya mahakamani, haya ni ya nyumbani. Akasema ahaa.

Akauliza kama anaweza kubaki nao. Nikamwambia ndiyo maana tumetengeneza nakala tatu! Akanisainia kuupokea. Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikipokea karatasi kwa furaha vile.

Tarehe 22 kesi inasikilizwa. Natarajia itafungwa saa nne, saa sita niko mpakani.

Ijumaa, 11 Aprili

Hezron kapiga simu. Kapelekewa hati ya wito. Yeye ni shahidi namba mbili. Shahidi wa nani? Wa Jamhuri! Anatakiwa kwenda na daftari lake. Anauliza amekosa nini. Hajawahi kufika mahakamani, hata cheti cha kuzaliwa aliletewa.

Nikampigia Andongwisye. Nikamsomea muhtasari wote. Kisha akauliza: ulisaini? Nikasema ndiyo. Ukagonga na muhuri? Ndiyo. Ukaupeleka wewe mwenyewe? Ndiyo. Akasema miaka kumi na sita ya uwakili hajawahi kumwona mshtakiwa anayepeleleza kesi yake mwenyewe na kuimaliza kabla ya polisi.

Anasema kukiri mbele ya wazee ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Na polisi wana maelezo yangu ya utelezi, kurasa tatu, sahihi tatu. Wataweka karatasi hizo mbili pamoja na zote ni zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua – mimi nimeficha huku nikajiumbua kule, kwa nakala tatu!

Njia iliyobaki, anasema, moja. Hezron akiutoa muhtasari, hakimu ataniuliza kama nina pingamizi. Nipinge. Niseme wazee walinilazimisha, nilisema ili kuwaridhisha. Huenda ukakataliwa.

Nikamwuliza nikisema hivyo si nitakuwa nimewaita wazee waongo? Akasema hilo ni la nyumbani. Yeye ananishauri la mahakamani.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nani kamwambia baba mdogo Osea. Kapiga simu alfajiri. Sauti ya taratibu. Anasema mtu akikana alichokitaja mbele ya wazee, maana yake hakukitaja. Faini inarudi. Ng'ombe atarudi kutoka Kamsamba, na Stamili hatakuwa na pa kurudi kwangu hata akitaka. Na yeye Osea, siku akifa, nisisumbuke kwenda Mbozi.

Kisha akauliza hali ya mvua Tunduma. Nikasema inanyesha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na wanaochelewa.

Rozi aliimba na kwaya ya watoto. Kashonewa gauni jeupe, sikuambiwa. Walipokuwa wanatoka kwa mstari alipita karibu yangu. Nikanyoosha mkono nimshike kichwani kama kawaida yangu. Aliinama. Alikinga uso kwa kiwiko. Halafu akaona ni mimi, akaona watu wanamwangalia, akasema shikamoo baba, akakimbia kwa mama yake.

Iliniuma. Bado inaniuma. Sasa ni saa tatu, kochi hili linanuka dizeli, na naona kile kiwiko tu.

Usiku ule wa tarehe 8 alikuwa mlangoni. Hilo sikuliandika popote.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika hapa hapa mahakamani, benchi la nje, daftari juu ya goti. Hakimu ametoa dakika kumi na tano. Niandike haraka.

Stamili alikuwa shahidi wa kwanza. Kaapa. Kavaa kile kitenge! Kasimama wima, akaeleza polepole, hakimu akiandika. Saa aliyorudi. Nilichouliza. Alichojibu. Kwamba alikuwa anacheka kwa sababu Tulinagwe alikuwa amemtania kuhusu viatu. Wiki zote hizi sikujua ilikuwa viatu. Kwamba nilichukua tochi juu ya friji. Kwamba nilimpiga mara nne, mbili kichwani, mbili kwenye mkono aliokinga nao. Kwamba mtoto aliona. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Wakili sina, ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maswali ishirini na mawili, yamechapwa. Nikasimama, nikamwuliza la kwanza: je, sakafu ya uani siku hiyo haikuwa na utelezi?

Akasema: “Ilikuwa na utelezi. Lakini mimi sikuteleza.”

Maswali ishirini na moja yaliyobaki yote yalikuwa ya sakafu. Nikakaa.

Afande Restuta benchi la nyuma alikuwa anatazama dari.

Kisha Hezron. Maskini. Aliapa mara mbili kwa woga. Akaulizwa kazi yake, akasema yeye ni mwandishi tu wa yale yanayosemwa. Akatoa daftari. Mwendesha mashtaka akaomba muhtasari upokelewe kama kielelezo. Hakimu akaushika, akaufunua, akatazama mihuri. Kamati ya Ndoa. Akanitazama juu ya miwani. Mshtakiwa, una pingamizi hati hii kupokelewa?

Nikaomba muda. Akasema robo saa.

Andongwisye katuma ujumbe: PINGA. SEMA ULILAZIMISHWA. Kwa herufi kubwa.

Baba mdogo Osea amekaa benchi la pili kutoka hapa, kofia mapajani. Ametoka Mbozi na gari la alfajiri. Amesogea tu kidogo ili nipate nafasi ya kuweka mkoba.

Niliinuka kwenda kunawa uso. Stamili alikuwa bombani na Ngusa. Nikasimama mbali, masharti ya dhamana. Ngusa akamwangalia dada yake kama anayeuliza amfukuze huyu au amwache. Stamili akasema, kama anaongea na bomba, si mimi: “Sijaamua kurudi, baba Rozi. Sijaamua kutorudi. Nimekuja kusikia utasema nini mbele ya watu usiokula nao.”

Akafunga bomba, akaondoka.

Dakika saba zimebaki. Nimefanya ninachojua kufanya. Nimechukua nakala yangu ya muhtasari na kuikagua mstari kwa mstari, kama mzigo ambao sijaupokea bado. Tarehe sahihi. Majina sahihi, tisa. Mihuri sahihi. Natafuta kosa la kupingia. Wazee hawakunilazimisha. Hilo nikilisema ni uongo, na baba mdogo atakuwa amekaa pale akinisikia.

Kosa lipo. Nimelipata. Ukurasa wa kwanza, kipengele cha pili, mstari wa sita: “alimpiga mkewe kwa tochi, mara mbili.”

Zilikuwa nne. Stamili amesema nne, na zilikuwa nne. Mbele ya wazee nilipunguza mbili, kama wateja wangu wanavyopunguza magunia, na Hezron akaandika nilivyosema, na mimi nikagonga muhuri.

Hati hii si sahihi. Hilo ndilo pingamizi pekee la kweli nililonalo katika kesi nzima.

Mwandiko umeharibika. Nikilisema, sina tena utetezi –

Karani ametoka mlangoni. Anaita jina langu. Baba mdogo ameshika mkoba wangu. Nakwenda na ukurasa huu mmoja, kidole kipo kwenye mstari wa sita